Neno Kazi Katika Kibanda cha Mkalimani

Leo naomba tuzungumze habari ya maneno madogo, yale ya kila siku, ambayo hakuna anayeyatafuta kwenye kamusi. Nianze na kazi. Tunajuliana hali kwa neno hilo, habari za kazi. Tunaagana kwalo, haya, kazi njema. Majirani zetu Wanyarwanda nao wanalo, wao husema akazi, na kitenzi chao cha kufanya kazi ni gukora. Hakuna neno lisilo na hatia kama hilo. Lakini neno hilo liliingia mahakamani hapa mjini kwetu Arusha, pale kwenye ukumbi wa mikutano wa AICC, si mbali na Mnara wa Saa, na wakalimani wakajikuta wamelishika mkononi kama kaa la moto.

Wengi wenu mnaikumbuka ile tuliyoiita mahakama ya Rwanda, iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya nchi hiyo ya mwaka 1994. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, na mwaka uliofuata Arusha ikateuliwa kuwa makao yake. Ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Watu 93 walifunguliwa mashtaka, mashahidi waliopanda kizimbani walizidi 3,000. Sisi wa hapa mjini tuliona magari meupe yenye herufi za UN, tuliona nyumba za kupangisha zikipanda bei, tulijua kwamba washtakiwa wanalala kizuizini kule Kisongo. Kilichokuwa kinasemwa ndani, wengi hatukukisikia. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Kwanza tuingie ndani. Chumba cha mahakama kilikuwa na ukuta wa kioo. Upande mmoja wa kioo ni wasikilizaji waliokuja kutazama, upande wa pili majaji, mawakili, mshtakiwa, na shahidi, ambaye mara nyingi alifichwa nyuma ya pazia ili asitambulike. Kila mtu amevaa hedifoni. Unachagua chaneli, Kiingereza au Kifaransa, na sauti unayoisikia siyo ya shahidi. Ni ya mtu aliyekaa kwenye kibanda, anasikiliza sikioni na kusema mdomoni kwa wakati mmoja. Kazi hiyo inachosha akili kiasi kwamba wakalimani wa aina hii hufanya wawili wawili na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi. Shahidi kutoka kijijini Rwanda alisema Kinyarwanda. Maneno yake yakapelekwa kwanza Kifaransa, kisha yakatolewa kwenye Kifaransa yakapelekwa Kiingereza. Jaji Laïty Kama wa Senegali aliyapata yakiwa yamevuka mto mmoja. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini aliyapata yakiwa yamevuka miwili.

Sasa chukua lile neno gukora. Tarehe 19 Aprili 1994, wiki mbili hazijatimia tangu ndege ya Rais Juvénal Habyarimana itunguliwe Kigali, rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, alikwenda Butare, kusini mwa Rwanda. Butare ilikuwa bado na utulivu kuliko sehemu nyingine. Mkuu wake wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, aliyekuwa Mtutsi, alikuwa ameng'olewa siku hizo hizo. Sindikubwabo akahutubia, na hotuba ikarushwa na Redio Rwanda. Aliwataka watu wafanye kazi. Wasiotaka kazi wakae pembeni, wawapishe wanaoitaka. Ukiisoma kwenye karatasi utadhani ni mkuu wa wilaya anahimiza watu wajitokeze kuchimba mtaro. Muda mfupi baada ya hapo damu ya maelfu ya watu ilimwagika Butare, na wote waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wameelewa ni kazi gani.

Jiweke kwenye kile kibanda, msikilizaji. Shahidi anasema, walituambia twende kazini. Wewe ni Mnyarwanda au umeishi na Wanyarwanda, unajua kabisa mwezi ule kazi ilikuwa nini. Ukisema kuua, wakili wa utetezi atasimama, na atakuwa na haki: mkalimani amegeuka shahidi, ameweka mdomoni mwa mtu neno ambalo hakulitamka. Ukisema kufanya kazi, jaji aliyekaa mbele yako, ambaye hajawahi kufika Butare, anaweza kuandika kwenye daftari lake kwamba hapo palikuwa na watu wanahimizana kulima. Na una sekunde mbili za kuamua, kwa sababu shahidi hajanyamaza, anaendelea.

Mimi naamini jibu sahihi ni la pili, na ni gumu kuliko la kwanza. Toa neno kama lilivyo. Mtu akisema kazi, mpelekee jaji kazi. Kisha wajibu unahamia kwa mwendesha mashtaka kumuuliza shahidi, wewe uliposikia kazi ulielewa nini, na wenzako walifanya nini siku ile. Ndivyo maana ilivyojengwa katika zile kesi, kidogo kidogo, shahidi baada ya shahidi. Kesi ya Butare yenyewe, iliyokuwa na washtakiwa 6, akiwemo aliyekuwa waziri wa familia na wanawake, Pauline Nyiramasuhuko, ilianza kusikilizwa Juni 2001 na hukumu ikasomwa tarehe 24 Juni 2011. Miaka kumi. Watu walilalamika kwamba mahakama inakula fedha na kuchelewa, na mengine katika malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Lakini sehemu ya ule muda ilikwenda kwenye jambo hili la kuhakikisha kwamba mtu hafungwi maisha kwa neno lililotafsiriwa vibaya, wala haachiwi kwa neno lililotafsiriwa kwa upole.

Kuna kesi moja ambayo naona kila mwanafunzi wa lugha Tanzania angeisoma. Ni ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Ilianza kusikilizwa hapa Januari 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 akatiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba ndani ya hukumu ile majaji walitenga kurasa kuzungumzia Kinyarwanda. Walikiri wazi kwamba namna ya kusema ya watu wa Rwanda ni ngumu kuihamishia Kifaransa au Kiingereza, na kwamba ugumu huo uliwagusa wakati wa kupima ushahidi. Walimwita mtaalamu wa isimu, Dakta Mathias Ruzindana, awafundishe. Fikiria majaji watatu, kutoka Senegali, Sweden na Afrika Kusini, wamekaa darasani Arusha wanafundishwa neno la mende.

Maana inyenzi ni mende. Ruzindana aliwaeleza kwamba jina hilo lilipewa wakimbizi wa Kitutsi waliokuwa wakivuka mpaka kushambulia miaka ya 1960, ama kwa kuwa walikuja usiku kama mende, ama kwa kuwa ni kifupisho cha jina walilojiita wenyewe. Kufika 1994 neno lilikuwa limetanuka, na redio moja ya huko Rwanda iliyoitwa RTLM ilikuwa inalitupia kila Mtutsi, hata mtoto wa siku moja. Kwa sisi tunaokaa mbele ya maikrofoni hii habari si ya kupita haraka. Kanda za RTLM zililetwa hapa Arusha, zikaandikwa, zikatafsiriwa, zikasikilizwa tena na tena. Tarehe 3 Desemba 2003 watu watatu wakatiwa hatiani, wawili wakiwa waanzilishi wa redio ile na mmoja mhariri wa gazeti. Watangazaji wenzetu walitumia maneno ya nyumbani, yale yanayoeleweka na mama anayepika na kijana anayechunga, na ndiyo maana yaliua.

Sasa nifike penye uzito zaidi. Mzazi mwenye watoto wadogo karibu na redio ajue kwamba nazungumzia ubakaji.

Katika kesi ya Akayesu wanawake wa Taba walisimulia waliyotendewa katika ofisi ya meya na kuzunguka hapo. Walitumia maneno manne. Kuryamana. Kurungora. Gusambanya. Gufata ku ngufu. Wakalimani wakayatoa yote manne kwa neno moja, kubaka. Je, walikosea? Majaji waliona wasiache swali hilo likae hewani. Waliwaita wakalimani wao rasmi na kuwauliza neno moja moja. Wakaambiwa: gusambanya ni kumfanya mtu azini. Kurungora ni kumwingilia mwanamke, awe ameolewa au hajaolewa, awe ameridhia au hakuridhia, neno lenyewe halisemi. Kuryamana ni kulala pamoja, na hutegemea mazungumzo yalivyo. Gufata ku ngufu ni kuchukua kwa nguvu, chochote kile, na pia ni kubaka.

Umesikia hayo maneno, msikilizaji? Gufata ku ngufu, ile ngufu ni nguvu yetu. Kuryama ni kulala, ukiongeza na mwishoni, kuryamana, umepata kulalana, kama tunavyojenga kupendana na kupigana. Mama wa Meru au wa Ngaramtoni anayejua Kiswahili angesimama nyuma ya kile kioo, angeelewa baadhi ya maneno ya yule mama wa Taba bila hedifoni, na angeelewa zaidi kwa nini amechagua kusema kulala wakati anamaanisha kubakwa. Kwa sababu ndivyo na yeye angesema. Nenda kwenye dawati la jinsia la kituo chochote cha polisi hapa kwetu. Mwanamke aliyebakwa mara chache hutamka neno hilo. Atasema alinifanyia kitendo kibaya. Atasema alinidhalilisha, alinilazimisha, au alilala na mimi. Aibu imelichagulia lile jambo maneno laini, na anayeandika maelezo asipojua hivyo ataandika kwamba walilala pamoja. Hapo kesi imekufa kabla ya kufika kwa hakimu.

Majaji wa Arusha walitazama mazingira yote, waliokuwa na silaha ni nani, aliyelia ni nani, waliosimama wakitazama ni nani, wakaridhika kwamba maneno yale, pale yaliposemwa, yalikuwa na maana ya ubakaji. Ndipo ikatoka hukumu iliyotamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Sheria hiyo inanukuliwa leo na mahakama za nchi nyingi. Ilipita kwenye midomo ya wakalimani ambao majina yao hayamo katika vichwa vya habari.

Hukumu ile inagusia pia neno ubwoko. Lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho cha kila Mnyarwanda, likifuatwa na Hutu, Tutsi au Twa, na pembeni Kifaransa kikaliita kabila. Lakini ubwoko kwa asili ni aina, au ukoo, na koo za Rwanda zina Wahutu na Watutsi ndani yake. Wote wanasema lugha moja, wanaishi vilima vimoja. Wabelgiji walipoleta vitambulisho hivyo miaka ya 1930 walichukua neno la watu wakalibandika maana yao, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani neno hilo likawa ndilo la kuishi au kufa. Huo nao ni ufasiri, na ni mbaya kuliko wote niliowahi kuusoma.

Kuna anayeweza kuniambia shida hii ni ya Waafrika na lugha zao. Hapana. Viongozi wa Japani waliposhtakiwa Tokyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia Mei 1946 hadi Novemba 1948, maneno yalikwenda na kurudi kati ya Kiingereza na Kijapani, lugha mbili zisizo na undugu wowote. Waliona mkalimani mmoja hatoshi. Wakaweka Wajapani kutafsiri, wakaweka Wamarekani wenye asili ya Japani kuwasikiliza na kuwasahihisha papo hapo, na juu yao wakaweka bodi ya usuluhishi wa lugha, ambayo wakili akipinga neno linapelekwa huko na bodi inatoa uamuzi. Waliona kwamba neno la kawaida la Kiingereza lina Kijapani zaidi ya kimoja, na kwamba kuchagua kimojawapo ni jambo la kufanyiwa kikao. Mahakama ya kunyonga watu iliona aibu kunyonga kwa neno la kubahatisha.

Sasa nirudi kwenye lile linaloniuma. Kwa miaka ishirini kesi kubwa kuliko zote za Afrika zilisikilizwa katika mji huu, katika nchi ya Kiswahili, na Kiswahili hakikuwa na chaneli kwenye hedifoni. Mnyarwanda alihukumiwa kwa Kinyarwanda kilichogeuzwa Kifaransa kilichogeuzwa Kiingereza, wakati lugha iliyo ndugu wa damu na Kinyarwanda ilikuwa inasemwa na dereva aliyemleta, na mama lishe aliyekuwa anauza chakula nje ya geti. Sisemi Kiswahili kingeondoa kila ugumu. Kazi yetu na akazi yao zina mtego ule ule. Lakini wananchi wa hapa wangesikia. Watangazaji wa redio za hapa wangeweza kuwarushia watu wa Ngara na Kigoma, waliowapokea wakimbizi kutoka Rwanda, walichokuwa wanakisema majirani zao.

Na jambo hili si la kihistoria. Arusha leo ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia hapa mwaka 2007, iko Barabara ya Dodoma kwenye majengo ya TANAPA. Ina Mahakama ya Afrika Mashariki. Ina ile mahakama iliyobaki kumalizia kazi ya Rwanda, kule Lakilaki. Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Lakini fungua Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 46: lugha rasmi ya Mahakama ya Afrika Mashariki ni Kiingereza. Jumuiya sasa ina Burundi, ina Kongo iliyojiunga 2022. Mtu wa Goma, mtu wa Bujumbura na mtu wa Usa River wakikutana kwenye kantini ya mahakama hiyo watasemezana Kiswahili bila kufikiri. Wakiingia ndani inabidi wote watatu watafutiwe Kiingereza.

Wameru wanaijua safari ya kupeleka kilio mbali. Walipofukuzwa Engare Nanyuki Novemba 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952, yeye na wakili Earle Seaton, wakaifikisha kesi ya ardhi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Walifika mbali kwa sababu hapa nyumbani hakuna aliyetaka kuwasikia. Leo mahakama ziko hapa hapa, chini ya mlima ule ule.

Mahakama zetu za ndani zimeanza kubadilika. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Muda mfupi kabla ya hapo Jaji Zephrine Galeba alikuwa ameandika uamuzi wa Mahakama Kuu kule Musoma kwa Kiswahili, na nchi nzima ikamsikia. Hiyo ni hatua kubwa, lakini imeacha nje watu wengine. Bibi wa Kimaasai kutoka Oldonyosambu anapofika mahakamani, Kiswahili kwake ni lugha ya ugenini kama Kiingereza kilivyo kwangu na wewe. Mara nyingine anayemtafsiria ni karani, au jamaa yeyote aliyekutwa kwenye benchi anayejua Kimaasai. Hakufundishwa, na akikosea hakuna bodi ya kumsahihisha. Kule Tokyo waliweka watu wa ngazi tatu kwa neno moja. Sisi tunamwachia bibi huyu mtu wa kwenye benchi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na naomba kwa dhati. Vyuo vyetu vinafundisha tafsiri na ukalimani. Mahakama ya Tanzania ichukue vijana kutoka huko, wenye Kimaasai, Kimeru, Kiiraqw na lugha nyingine za mikoa yetu, iwaajiri kama wakalimani wa mahakama, wenye kiapo, mshahara na mtu wa juu yao wa kuwakagua. Na nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo wabunge wao hukaa vikao hapa hapa Arusha, zirekebishe ibara ya 46, Kiswahili kiingie katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Msikilizaji, kama mbunge wako wa Afrika Mashariki unamfahamu, mfikishie ibara hiyo kwa namba yake.